Kandidati wa Herufi Tisa

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi. Vumbi. Leo nimekuwa kandidati! Yaani, karibu.

Jumapili kambi yetu ya wafanyakazi wa zamani wa mgodi, hapa Kolwezi, inachagua rais wa komite. Nimechelewa kuandikisha jina kwa dakika kumi tu. Kosa ni la pasi. Nilikuwa nanyoosha koti jekundu la fanfari, bendi yetu ya tarumbeta, kwa ajili ya picha, umeme ukakatika, nikahangaika na makaa. Kufika biro ya uchaguzi, Stéphane, katibu wa uchaguzi, ameshafunga daftari. Nikamwambia kwamba mimi, Tshimanga, nilifanya kazi miaka thelathini na moja bila kuchelewa hata siku moja. Akajibu kwamba basi leo nimezichelewa zote kwa mkupuo.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kura litachapishwa jina moja tu: Kalumba. Jirani yangu! Anataka kukodisha ukumbi wetu wa zamani, Serkle, kwa mnunuzi wa madini aweke magunia. Magunia! Pale fanfari yetu ilipopiga kila Jumamosi, sakafu inang'aa hadi unaona meno yako chini. Pale nilipomwomba Mbelu dansi ya kwanza, mwaka 1979. Alikataa. Nikaomba ya pili.

Stéphane akanihurumia, akanisomea kanuni: mpiga kura anaruhusiwa kuandika kwa mkono jina la mkaaji yeyote wa kambi. Yeyote! Nimerudi nyumbani nikirukaruka. Mke wangu Mbelu ameuliza kama nimeleta chumvi.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya maandamano. Nimeifufua fanfari.

Zamani tulikuwa ishirini na wanne. Tukiingia avenyu, hata mbwa walitembea kwa hatua. Leo tumebaki watatu: mimi na tarumbeta, mzee Ntambwe na ngoma, na mwenye trombone, ambaye hana tena meno ya mbele. Tumepiga wimbo wa furaha. Trombone ilitoa sauti kama ng'ombe mgonjwa.

Kwenye kona ya kwanza wanamama wametoka wamejifunga vitenge kichwani. Nikadhani ni heshima. Mama Beya, mjane anayeuza mikate mlangoni kwake, amefunika beseni lake na kunishika mkono.

“Pole sana, tata,” akasema. “Njo nani alikufa?”

Nikaeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni kampeni. Haikusaidia, kwa sababu nyuma yetu watu walikuwa wameshaanza kulia. Halafu akatokea Kalumba, amevaa suti, akasimama juu ya kiti na kuhutubia kuhusu wazee wanaotutoka mmoja mmoja. Hotuba nzuri. Watu wamempigia makofi. Hata Ntambwe! Nikamkumbusha yuko fanfari ya nani.

Alhamisi, 10 Julai

Pigo. Nimepita nyumba kwa nyumba. Wengi wananitaka (wanasema). Lakini mama watano kati ya sita kwenye avenyu yetu hawajui kuandika. Jina la Kalumba wataliwekea alama ya vidole tu, kwisha. Langu lina herufi tisa, na linaanza na T, s, h zilizobanana kama abiria.

Mbelu amesema niache. Nimewaza hadi bukari, ugali wetu, ikapoa. Halafu, akili! Nitawafundisha mwenyewe!

Nimemwomba Stéphane ufunguo wa Serkle. Nimefagia. Kwenye ukuta bado yapo madoa ya kijani ya rangi ya zamani, na kule juu shimo la mashine ya sinema. Nimesimama katikati peke yangu, ufagio mkononi. Ningeweza kuapa nimesikia viatu vikisugua sakafu. Nimepiga hatua mbili tatu za rumba. Ufagio haukukataa.

Ijumaa, 11 Julai

Wamekuja arobaini! Wamekaa chini juu ya vitenge, na wengine wamebeba wajukuu. Nimeandika TSHIMANGA kwa chaki, kubwa. Kazi ya asubuhi nzima: T. Wameiweza. S imegeuka nyoka wa kila aina. Kwenye H wengi wamekata tamaa.

Mama Beya ameinua mkono. “Tata, ile jina iko na bitu mingi. Utuonyeshe kwanza ya kwetu.”

Nikakubali, ili wapate moyo. Mkakati! Nikaanza na lake kama mfano, kwa kuwa ni fupi. Herufi nne. Dakika ishirini baadaye kila mtu alikuwa anaandika BEYA. Yeye mwenyewe aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akaweka kiganja juu yake kama anayezuia upepo. Ana miaka sitini na mitatu. Akasema mumewe alitia sahihi kwa kidole gumba mgodini maisha yake yote, na yeye pia, hata siku ya kuchukua cheti cha kifo chake.

Nimepiga tarumbeta kidogo. Sijui kwa nini. Vumbi limeniingia machoni.

Jumamosi, 12 Julai

Darasa la mwisho. Wamekuja hamsini. Mama Beya ameuliza, nikishinda, Serkle itakuwa ya nini. Nikasema fanfari, bila shaka, na dansi kila Jumamosi, na makoti mapya mekundu. Akauliza masomo je? Nikasema masomo yanaisha kesho, baada ya kura. Wamenyamaza vizuri sana. Kimya cha heshima.

Ushindi naunusa!

Jumapili, 13 Julai

Nimevaa koti. Nimegawa kalamu zangu za biki mlangoni. Alasiri Stéphane amefungua sanduku na kusoma kwa sauti.

“Kalumba. Kalumba. Beya.”

Nikacheka. Nikamwelezea jirani yangu wa benchi kwamba huyo mama amefanya zoezi tu.

“Beya. Beya. Kalumba. Beya. Beya.”

Nikaacha kucheka. Kalumba naye akavua kofia.

Kalumba arobaini na sita. Beya sitini na moja. Tshimanga mbili: yangu, na moja ya mtu aliyeandika “Chimanga”, Stéphane akaikubali kwa huruma. Ntambwe anaapa ni yake.

Kura mbili! Nikamgeukia Mbelu, mke wangu wa miaka arobaini na mitano, anayeandika barua tangu shule ya masista.

“Jina yako iko murefu,” akasema. “Na Mama Beya alisema Serkle itakuwa masomo kila siku, na Jumamosi dansi. Mi nilipenda ile dansi.”

Nikafungua kifungo cha juu cha koti.

Mama Beya amesimama mbele, aproni yake bado ina unga. Amesema magunia hayataingia hapa. Watu wamepiga vigelegele hadi vumbi limeshuka darini.

Jumanne, 15 Julai

Mama rais amekuja nyumbani na mikate ya moto. Ameniomba niendelee kufundisha. Nikajifanya nafikiri. Nikakubali.

Sasa nimeona kosa langu lilipokuwa! Kura inarudi baada ya miaka miwili, muda wa kutosha kwa mtu mwenye mpango. Mbelu anadhani naandaa somo kwa moyo safi. Naandaa. Kesho tunaanza alfabeti upya, kutoka mwanzo, taratibu: A, C, D.

B nimeifuta.