Konokono wa Santa Orosia

Jumatatu, 6 Mei
Tumefika León salama kwa basi la parokia. Bi Remedios, mjane mwenye tanuri la mikate mjini kwetu, ametangaza mbele ya abiria wote: atakayemwona konokono wa jiwe kwenye mlango wa kanisa la Santa Orosia, kwa macho yake mwenyewe, ndiye atakayemuoa yeye Bi Remedios. Ukionyeshwa, bahati imekwenda. Ndiyo mila. Wachumba tuko wawili: mimi, na Fermín mfamasia, mwenye miwani mikubwa na moyo mdogo. Siku tatu. Nitashinda!

Nimesimama saa nzima. Watakatifu, simba, mashetani, zabibu. Konokono hakuna. Muuza vikumbusho akanikimbilia: "Njoo baba, nikuonyeshe alipo, bure tu!" Nikajiziba uso kwa kofia, nikatoka mbio. Mwanamke hatari.

Mbinu ya kwanza: nisitazame mlango, nitazame watalii. Shingo zao zikigeukia upande fulani, konokono yuko huko. Huku si kuonyeshwa, ni hesabu. Shingo arobaini zikaelekea juu. Yangu pia. Korongo, kiotani mwake, juu ya mnara. Kofia imeharibika. Mama mmoja wa msafara wetu akanipa leso.

Jumanne, 7 Mei
Fermín kaja na darubini! Nikaenda kuungama. Nilimuuliza padri mzee, Don Abilio, kama ni dhambi kuambiwa kushoto au kulia tu. Akaninong'oneza kwamba yeye amepita mlango ule miaka thelathini na tisa na bado anamtafuta. Nikimpata, nimwambie: kushoto au kulia.

Mchana tukala konokono wa mchuzi. Fermín akaniinulia mmoja kwa kijiti: "Angalau hawa unawaona, Leandro!" Meza nzima ikacheka. Bi Remedios naye! Nikatia ganda moja mfukoni.

Mbinu ya pili. Saa ya usingizi wa mchana, mji mzima umefunga madirisha. Nikatafuna mkate, nikalibandika ganda chini ya simba wa kushoto. Jicho barabarani, mkono ukipapasa. Ukakuta kinundu kizuri, ganda likakaa kama limezaliwa pale. Fermín ataliona, atapiga kelele, ataumbuka. Kwisha kazi!

Jumatano, 8 Mei
Saa nne asubuhi. Fermín akapiga ukelele: "Nimemwona! Chini ya simba!" Bi Remedios akaja mbio. Nikacheka, nikawatangazia wote kwamba lile ni ganda la mgahawani. Mtunza kanisa akalivuta. Likatoka na mkate wake. Fermín akaiva kama nyanya. Sekunde tatu tamu kuliko zote maishani mwangu.

Ya nne, mtunza kanisa akasugua mahali pale kwa kidole. Kinundu kina pembe mbili. Konokono! Yeye mwenyewe, wa jiwe!

Nikapaza sauti kwamba basi wa kwanza ni mimi, maana aliyebandika ni mimi. Ndipo nikasikia nilichosema.

Bi Remedios hakukasirika. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Leandro ndugu yangu, umemshika kwa mkono wako na hukumwona. Kama mimi tu. Miaka kumi na miwili unakuja dukani kwangu, unatazama mkate." Fermín, akasema, angalau alikuwa anatazama. Akamshika mkono.

Mtunza kanisa akanipa ndoo na brashi. Mlango mzima! Don Abilio akapita, akaninong'oneza: kushoto au kulia? Nikamdanganya: kulia.

Alhamisi, 9 Mei
Tunarudi. Fermín amekaa na Bi Remedios, anamenyewa chungwa. Sawa. Dereva anasema Palencia kuna kanisa lenye chura kwenye nguzo. Anayemwona mwenyewe huoa kabla ya Pasaka. Kosa langu nimeligundua: mkate haushiki. Nitanunua gundi.

Na Bi Remedios ana dada mjane, Casilda, wa Zamora. Nasikia yumo humu humu basini. Nimemuuliza yule mama wa leso, ambaye nimekaa naye kiti kimoja tangu Jumatatu, kama anamfahamu. Kanipokonya leso yake, kahamia mbele.

Watu wengine hawaeleweki.