Maneno Manne ya Kujenga Wodi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Majina ya Miradi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Kaimu Makamu, ambaye hakufika lakini koti lake limefika. Wakuu wa idara, vitengo, na vitengo vya vitengo. Mama mkunga wetu mpendwa, pamoja na mkweo, ambaye naona siku zake zimetimia. Kina baba, kina mama, na wewe bwana uliyekalia kiti changu: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Wachache: Hatujambo.)

Leo nina furaha isiyo kifani kusimama katika hafla hii adhimu ya kufungua rasmi wodi ya wazazi (vigelegele), wodi ya kisasa, ya vitanda ishirini na vinne, maji ya moto, na madirisha yenye nyavu, ambayo, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mwenyewe na kuipongeza mwenyewe, itapunguza msongamano kwa asilimia mia moja na kumi! (Makofi. Sauti: "Iko wapi?") Tulia, ndugu yangu, ndiko ninakoelekea.

Mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita mama mkunga alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi saa nane mchana, akaniambia kwamba anazalisha kina mama kwenye stoo, katikati ya maboksi ya glavu, na paa linavuja. Jamani, roho iliniuma. Siku hiyohiyo nikaitisha semina. (Kicheko.) Maana barua ya mradi sharti iandikwe kwa Kiingereza, na Kiingereza si cha kukurupukia: je, wodi hii tui-build, tui-construct, tui-erect, au tui-establish? Mtu asiye na exposure ataona yote ni mamoja. Sisi tulijifungia hotelini majuma kumi na moja. Build, alisema mtaalamu wetu, ni la banda la kuku. Erect ni la nguzo ya simu. Establish lina heshima zake, lakini fundi rangi alilalamika kwamba halienei kwenye kibao. Tukapiga kura, zikalingana, tukaunda kamati ndogo ya usuluhishi, nayo ikagombana.

Mama mkunga alitufuata hukohuko hotelini, na sare zake, akasema: "Mheshimiwa, jengeni tu. Hata hilo banda la kuku nitashukuru, mradi lisivuje." (Makofi mazito.) Makofi hayo mngeniwekea mimi, kwa sababu nilimjibu kwa upole kwamba suala lake ni la kitaalamu, nikaagiza apewe cheti cha ushiriki.

(Kelele upande wa kulia.) Kuna nini huko? Mkwe wa mama mkunga? Uchungu? Sasa hivi? Basi msikurupuke! Katibu, andika: hili ni emergency au ni urgency? Hapana, mama, usimguse kwanza, Mwenyekiti ameinua mkono. Anapendekeza crisis. (Zomeazomea. Kina mama wanasimama duara, wanafungua mitandio kumsitiri mzazi.) Mama mkunga, usinipe mgongo, hotuba haijaisha!

(Hotuba inaendelea saa nzima.)

...na kwa hiyo, neno tulilolichagua, baada ya miaka mitatu ya kujituma kwangu, ni construct! Neno sahihi! (Kimya.) Maendeleo sahihi! (Sauti ya mkunga: "Sukuma, mwanangu, sukuma!") Safi, angalau mmoja ameitikia.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi rangi, aliyeandika kibao hiki kizuri, kwani ndiye fundi pekee tuliyemwajiri. Nawashukuru wenye uwanja huu wa mpira kwa kutuazima, maana kiwanja cha wodi bado hatujaanza kukitafuta. Nawashukuru nanyi mliokuja kuifungua.

(Mtoto analia.) Wa kike? Hongera sana, mama mkunga! Katibu, ingiza haraka kwenye ripoti: wodi mpya imempokea mtoto wake wa kwanza, salama, kwenye nyasi. Hapana. Hizo nyasi zifute.