Wageni Wote Wana Homa

Leo nimejivua nguo mwenyewe, tena mchana kweupe. Nasimulia mapema kabla mama hajaanza kuwasimulia yeye.

Kazi yangu mnaijua: naingiza taarifa za afya kwenye kishikwambi. Wiki hii tuko kwenye shule moja huku Bagamoyo, wanafunzi wako likizo, tunapokea wakimbizi waliofika kwa bahari kutoka kwenye vita kusini. Napima joto, nauliza chanjo, natuma. Mzima anapanda basi kwenda kambini. Mwenye homa anabaki na kutengwa.

Sasa, darasani hakuna mtandao. Kishikwambi kinazunguka tu. Nikaona nisizubae (mimi na ujuaji wangu), nikahamisha meza hadi uwanjani, pembeni ya goli, ambako mtandao unashika. Foleni ikanifuata. Jua la saa sita, kivuli hakuna.

Wa kwanza nikampima kwenye paji la uso: thelathini na tisa. Homa. Wa pili, homa. Watoto, homa. Kishikwambi kikawa chekundu juu mpaka chini.

Jamani, niliogopa. Watu wametoka kwenye boti moja, wote wana homa, na mimi nimewapa mkono wote wakati wa kuwasalimia.

Akafika Bi Zainabu, mama mtu mzima. Binti yake alitangulia kambini na kundi la kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niambie mimi mzima."

Thelathini na tisa na nusu.

"Bibi, una homa. Leo husafiri."

"Mbona sijisikii kitu? Binti yangu ananingoja. Wakimhamisha, nitampata wapi tena?"

"Mashine ndiyo imesema, bibi." (Mwanaume mzima, nimejificha nyuma ya mashine.)

Alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kanga. Iliniuma, lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi.

Nikajipima mwenyewe. Arobaini.

Nikampigia Dokta Mwanaidi, mkuu wetu, aliyekuwa mjini: "Dokta, kuna mlipuko. Na mimi nimeshaupata." Akaamuru basi lisiondoke na mtu yeyote asitoke. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nikarekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la familia: "Mama, nipe radhi. Nilipokukosea unisamehe. Msije, mtaambukizwa." (Ndiyo, nililia. Inasikika.)

Mama akajibu papo hapo: "Nimekusamehe yote, mwanangu. Hata yale unayodhani siyajui."

Dokta akaja na barakoa na glavu. Alisimama, akatazama jua, akatazama foleni, akanitazama mimi.

"Umewapimia wapi?"

"Hapa hapa, dokta. Mtandao..."

Akachukua kipimajoto kilichokuwa juani tangu nianze, akakielekeza kwenye nguzo ya goli. Kikalia.

"Nguzo ina homa kukuzidi," akasema. "Nayo tuitenge?"

Akawaingiza wote darasani, wakanywa maji, wakapumzika kivulini. Akawapima upya mmoja mmoja. Wazima. Bi Zainabu, thelathini na sita na nusu. Nilimwomba radhi sijui niangalie wapi. Akanishika mkono.

"Na wewe, mwanangu, ukae kivulini," akasema, na foleni nzima ikacheka.

Mara, vilio getini. Mama, shangazi, na nusu ya mtaa. Shangazi kabeba fungu la mwarobaini. (Niliwaambia wasije. Kwetu ukimwambia mtu asije kumwona mgonjwa, ndiyo umemwita.) Dokta akawaeleza kila kitu mbele ya basi zima, na hata nguzo hakuiacha. Mama akafuta machozi, akanisogelea polepole.

"Ule msamaha niliokupa kwenye simu," akasema, "nimeufuta. Tutaanza moja baada ya jingine, nyumbani."

Basi limeondoka na Bi Zainabu yumo. Mimi bado niko shuleni, nimejitolea kufagia madarasa yote, kwa sababu naogopa kwenda nyumbani. Mtakaocheka, chekeni tu. Ila anayejua ni yapi ambayo mama anayajua, aniambie kabla sijafika.