Mirindi na Maji ya Jibini

Mirindi hakuwahi kuona kitu kikimwagwa bure asiumie moyo. Ndiyo maana alipomkuta muzee Munyakazi, fundi wa jibini aliyekimbia vita vya Masisi na kupiga hema Mugunga, akimwaga maji yaliyochujika kwenye jibini yake, alimwomba bidoni kumi, madumu ya plastiki yaliyojaa maji hayo, akapewa kwa shukrani.

Mteja alikuwepo tayari. Mama Kanyere wa mtaa wa Himbi alikuwa akitotolesha vifaranga vya tilapia, na ugonjwa ukivifagia kila kukicha. Dawa yake ilitoka ng'ambo, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Mirindi akakariri karatasi moja ya mafunzo ya ufugaji samaki, ya shirika lililokwisha kuuhama mji, akavaa koti jeupe, akabisha hodi.

"Mama, hii ni bakteria."

"Bakteria? Si njo zinaniuliaka samaki?"

"Zile ni za mubaya. Hizi ni za muzuri. Unazimwanga mu maji, zinakaa. Za mubaya zikikuja, zinakuta viti vyote viko na watu."

Kila neno lilikuwa kweli tupu, na Mirindi hakuamini hata moja. Matapeli ni watu wenye imani haba. Mama Kanyere hakuwa na fedha, akamlipa kwa pikipiki ya marehemu mumewe. Mirindi aliipenda pikipiki ile kuliko ndugu zake wote. Akaenda nayo kujificha kwa shangazi yake, mtaa wa Katoyi, angoje vifaranga vife.

Wiki ya tatu akasikia kwamba mama yule anamuulizia kila kituo cha pikipiki, na kwamba ana shemeji mwanajeshi. Siku zile mwenye shemeji mwanajeshi hakushitaki mtu, alionyesha kwa kidole tu. Mwishowe Mirindi akajaza tangi, akaenda Himbi, akapiga magoti na kutoa ufunguo.

"Mama, unisamehe. Haikukuwa bakteria. Ilikuwa maji ya fromaji ya muzee Munyakazi, kule Mugunga. Alinipatia bure."

"Bure?"

"Bure kabisa, mama."

Mama Kanyere akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, taratibu. Kisha akafunua turubai. Beseni lilikuwa limejaa vifaranga vinono, vikisukumana.

"Tangu siku ile, hakuna hata moja ilikufa. Nilikuwa nakutafuta nikupatie parseli yangu, kile kiwanja cha Katoyi, uniletee bidoni ingine mia."

Mirindi alitamani kuyameza upya maneno yake yote.

"Simama, mutoto wangu, nimekusamehe," alisema Mama Kanyere, akafungua pindo na kuiwasha pikipiki. "Panda huku nyuma, unioneshe kwa Munyakazi."