Karantini ya Kompyuta za Kalekye

Urbanus alisimama nje ya duka la kuchapisha barua la Kalekye, mjini Machakos, akamsikiliza mama huyo akiitukana kompyuta kwa Kikamba. Ilikuwa sauti tamu masikioni mwake. Mtu anayegombana na mashine yuko tayari kumwamini binadamu yeyote.

Tuseme ukweli kidogo: hilo la Urbanus halikuwa jina lake. Alikuwa na vitambulisho vitatu na laini tano za simu, na katika miaka kumi na miwili ya utapeli hakuwahi kukubali kupigwa picha. Kwenye harusi ya dada yake alisimama nyuma ya keki. Mtaji wake ulikuwa huo mmoja tu, kwamba hakuna aliyemjua. Siku atakapojulikana, kazi imekwisha na jela iko wazi.

Akaingia na koti lake jeupe.

"Wi museo, mwaitu," alimsalimu, akimwita mama kwa Kikamba. "Mimi ni daktari wa kompyuta. Hizi zako ni wagonjwa, nimesikia kutoka barabarani."

"Umesikia mimi," alisema Kalekye. "Zimejaa matangazo mpaka siwezi kuchapa barua ya mtu."

"Jana uliangalia nini kwa mtandao?"

"Bei ya kuku."

"Na leo imekuonyesha nini?"

"Chakula ya kuku. Nyumba ya kuku. Na sufuria."

Urbanus alifumba macho kwa huzuni. "Sufuria! Hiyo kuku hata hujanunua, na wao wameshajua itaishia wapi. Unafuatwa, mwaitu. Ziko na virusi, na virusi ikitolewa hapa itaruka kwa majirani. Nibebe zote tano, zikae karantini siku tatu, nizirudishe zikiwa zimenyamaza."

Karantini yenyewe ilikuwa Athi River, kwa jamaa mmoja anayenunua chochote bila kuuliza maswali.

Kalekye, yeye, alikuwa na swali. "Wewe ni wa ukoo gani?"

Urbanus akataja ukoo wa kwanza uliomjia mdomoni.

"Asi! Huo ni wetu! Mtoto wa nani?"

"Wa Ngila," alibahatisha.

"Yule alihamia Shimba Hills?"

"Huyo huyo." Urbanus alijawa na raha. Hakuwahi kukutana na mtu anayejitapeli mwenyewe kwa bidii hivyo.

Kabla hajameza mate, Kalekye alikuwa amemkumbatia na kumpiga picha tatu: uso, ubavu, na moja wakiwa pamoja.

"Mwaitu, unapeleka wapi hiyo picha?"

"Kwa grupu ya ukoo. Tuko watu mia nne."

"Lakini si nimekuambia mambo ya kufuatwa?"

"Wale ni watu wa mtandao. Sisi ni watu wa nyumbani."

Urbanus alipakia kompyuta haraka kwenye Probox ambayo Kalekye mwenyewe alimwitia, akamwambia dereva, Jeremiah, akanyage mafuta hadi Athi River. Jeremiah alikanyaga kweli, ila akashika barabara ya Kathiani.

"Kaka, Athi River ni nyuma!"

"Najua. Anti Kalekye amesema karantini ni kwangu. Mama watoto ameshachinja mbuzi."

Kathiani waliukuta ukoo umekaa kwenye viti vya plastiki, na kompyuta nyingine kumi na moja zikimsubiri. Urbanus alipendwa kwa namna ya kutisha. Akienda chooni alisindikizwa na wajomba wawili, mmoja akimbebea maji. Akilala kidogo, picha yake akikoroma ilitumwa kwa wale mia nne. Basi, huku akitazamwa na macho yote hayo, alilazimika kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: kazi.

Alisoma maelezo, akafuta programu zilizojificha, akayafungia nje matangazo. Alipowaomba wachague nywila za siri, kila mtu yake, walifanya mkutano kwa sauti kubwa, wakapitisha moja ya wote. Siku ya tatu mashine zote zilikuwa nyepesi na kimya, na Urbanus, aibu iliyoje, alifurahi.

"Habari njema," alisema Jeremiah. "Kesho Ngila mwenyewe anakuja kutoka Shimba Hills kuona kijana yake."

Mchana huo huo Urbanus alipita katikati ya mahindi mbio. Aliacha kompyuta, aliacha begi, aliacha laini zote tano.

Kesho yake alikuwa Masinga, amenyoa kichwa na ndevu, amevaa kofia, akiwa na jina jipya. Akaingia kwenye duka la fotokopi la dada mmoja, Lavender.

"Habari, dada. Mimi ni Zubair, daktari wa..."

"Kompyuta," Lavender alimalizia bila kuinua macho. "Anti Kalekye alisema utafika. Alisema pia umenyoa."

"Amejuaje?"

"Kinyozi ni wetu."

"Na Ngila?"

"Alifika asubuhi. Amesema hana mtoto kama wewe, hajawahi kukuona."

Urbanus aligeukia mlango. Mlangoni walisimama watu sita, kila mmoja na laptopu ndani ya kiondo.

"Halafu anti akamwonyesha Ngila vile kompyuta zinakimbia," Lavender aliendelea, akimsogezea stuli. "Amesema basi, kuanzia leo anaye."

Urbanus alikaa, akavua kofia, akauliza nani alitangulia kufika.