Suruali Tatu kwa Nusu Bei

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Darubini, mpima ardhi anayetuongoza, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua msimamizi wa kikosi. Msimamizi hafyeki miiba. Anashika darubini ya kupimia na kuamuru wenzake wafyeke. Cheo changu kabisa! Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye naye yumo kikosini. Leo kaja na suruali mpya ya turubai, mshono maradufu, magotini kitambaa juu ya kitambaa. Nilipotajiwa bei nikashikwa na kizunguzungu. Jioni nimepita sokoni, na kwa nusu ya bei hiyo nimepata tatu. Nani mjanja sasa?

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu aliniambia niinue kitambaa kwenye mwanga kabla sijavaa. Nikainua. Nikamwona yeye upande wa pili, amekunja uso. Nikamweleza kuwa kitambaa chepesi kinapitisha hewa. Akasema kitapitisha na miiba.

Kimepitisha. Goti la kulia, saa tatu asubuhi, kabla hata ya chai. Shemeji alipita kichaka hicho hicho akipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Suruali ya pili. Nimeruka mtaro kwa mikogo mbele ya Mzee Darubini, nikahisi upepo mahali ambapo upepo haufiki. Msamba wote! Nimeshinda kutwa na shati kiunoni, nikitembea kinyumenyume kila aliponiita. Shemeji hakucheka. Alinipa pini. Hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi cherehani amezikagua zote mbili, akasema uzi wake una thamani kuliko hizo suruali. Hana maono. Nimezitandaza kitandani na jambo likanijia: matundu hayako mahali pamoja. Moja goti, nyingine msamba, ya tatu nzima. Nikizivaa zote kwa pamoja ninayo suruali moja isiyo na tundu, nene kuliko turubai ya mtu fulani.

Mke wangu amesema kaka yake yuko tayari kuniazima suruali yake ya zamani. Ina miaka saba na haijatoboka. Nimekataa. Mwanamume ana heshima yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani ulikuwa kubeba darubini hadi kilimani, kuisimamisha, kuchungulia na kusoma vipimo. Nimefika wa kwanza, nimelowa jasho. Lakini kuchungulia kunataka kuinama, na suruali tatu haziinami. Nikalazimisha. Zimepasuka moja baada ya nyingine, kila moja kwa sauti yake. Mzee Darubini akauliza nani anapasua kuni.

Shemeji akavua koti lake, akanifunga kiunoni. Kisha akainama bila taabu, akasoma vipimo vyote sawasawa. Cheo kimekwenda kwake. Nimeumia, kusema kweli. Nilikitaka sana.

Jumamosi, 8 Machi

 Mke wangu ametoa kwenye akiba yake pesa kamili za suruali moja ya turubai, akanisihi safari hii ninunue kitu imara. Nimeguswa hadi machozi yakanilenga. Nimeenda moja kwa moja sokoni. Muuzaji amenipokea kama ndugu yake.

Nimerudi na sita. Shemeji, na cheo chake chote, ana mbili tu, na moja ni ya zamani. Namhurumia.