Damu Safi ya Bata Weusi

Jumatano, 8 Februari 2006

Yai la kwanza limepatikana. Jeusi. Si la kahawia, si la kijivu. Jeusi kama lililopakwa masizi ya sufuria. Hannah, mke wangu, ameliangalia akaniomba nilitoe jikoni. Nimemweleza kwamba bata wa Kayuga hutaga hivyo mwanzoni mwa msimu, kisha rangi hufifia. Amesema hata shetani huenda anafifia akizeeka, lakini jikoni bado hamtaki.

Niliweke wazi jambo hili kwa manufaa ya historia. Hapa Waithaka, na labda Nairobi nzima, hakuna mwingine mwenye Kayuga. Bata weusi, wakipigwa na jua wanang'aa kijani kama mgongo wa mbawakavu. Ninao dume mmoja, Mkurugenzi, na majike wanne. Niliachiwa na Mwingereza aliyehama Lavington. Tangu ile ofisi ya bima ya Upper Hill iniambie wadhifa wangu haupo tena, hawa ndio wafanyakazi wangu. Shabaha yangu ni maonyesho ya kilimo ya mwaka huu. Utepe wa kwanza. Baadaye wafugaji wapange foleni langoni kuomba vifaranga.

Kikwazo ni jirani, Nashon Were, na hasa dume lake. Were na mkewe Mercyline wanafuga bata wa kawaida, wale wenye uso mwekundu kama nyanya iliyopasuka. Dume lao linaruka ukuta na kuwapanda majike wangu. Wakichanganyika hivyo watoto huwa kama nyumbu. Wanene, wenye nguvu, tasa. Ukoo mzima wa Kayuga uishie kwenye ua wa Were? Haiwezekani.

Ijumaa, 10 Februari

Nimekwenda kwa Were. Rasmi, na koti. Nikamtaka alifungie dume lake. Amenisikiliza vizuri, akanipa kiti, akaita chai. Kisha akasema, "Mzee Kihara, bata ni bata. Mapenzi haina kabila." Mercyline akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Were ameahidi kulikata manyoya ya bawa Jumapili baada ya kanisa, lisiruke tena. Chai ilikuwa nzuri, lazima nikiri. Sikumaliza, kwa sababu ya msimamo.

Jumapili, 12 Februari

Were amekata bawa kweli. Nimeona kwa macho yangu. Kufikia saa kumi dume lilikuwa kwangu tena. Halikuruka. Limetembea, kwa madaha, kupitia tundu lililo upande wangu wa ukuta. Hannah ameniambia tangu Krismasi nizibe tundu hilo. Nimemjibu kwamba kuziba tundu ni kutibu dalili, sio ugonjwa.

Neno hilo, ugonjwa, limenikaa kichwani. Redio inasema homa ya ndege imeingia Naijeria. Nimeongeza sauti.

Jumatatu, 13 Februari

Nimepitia dukani kwa Njambi kununua kiberiti. Kijiji chote hupata habari kwa Njambi. Sikusema bata wa Were ni wagonjwa. Ningekuwa mwongo. Nilimwuliza tu kama naye amewasikia wanavyokohoa. Njambi akaacha kuhesabu chenji.

Nikaondoka bila kiberiti.

Jumatano, 15 Februari

Mpango unakwenda vizuri kupita kiasi. Wenye hoteli za Dagoretti sokoni, ambao Mercyline huwauzia bata kila wiki, wamekataa mzigo wake. Amerudi na matenga yamejaa, kwa miguu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumbeba. Kazi ya Were ni ya kibarua, leo ipo kesho haipo. Bata ndio walio na uhakika. Ndio karo ya watoto, ndio kodi.

Jioni Mercyline amekuja kwetu. Alisimama mlangoni akikunjakunja leso. Alisema, "Baba Cate, watu wanakuheshimu. Nikichinja bata mmoja, ukule mbele yao, hata kipaja tu, wataamini." Amenichagua mimi kati ya watu wote. Nimemwambia nina vidonda vya tumbo. Hannah, aliyenipakulia matumbo na pilipili mchana wa leo, alinitazama mpaka mgeni akaondoka.

Angalau dume limefungiwa. Lengo limetimia.

Ijumaa, 17 Februari

Mambo yamegeuka. Mke wa mzee wa kanisa ameona mayai yangu. Sasa inasemekana dukani kwamba ugonjwa haukuanzia kwa Were. Ulianzia kwa Kihara, kwenye mayai meusi, na bata wa Were waliambukizwa. Huu ni uzushi mtupu. Watu hawana aibu, wanasema mambo bila ushahidi.

Nimechukua hatua. Nimekusanya mayai yote kiotani, nikayatia kwenye karai la maji ya moto na sabuni, nikasugua kwa steelwool ya kusugulia sufuria. Weusi umetoka. Yamekuwa ya kijivu, mengine karibu meupe, mayai ya Kikristo kabisa. Ndipo Hannah alipofika na mtungi kichwani, kwa sababu mifereji imekauka kwa ukame huu na maji ya karai hilo alikuwa ameyachota yeye. Ameuliza kama mayai yaliyochemshwa nusu huangua vifaranga. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo.

Majike wamevinusa viota na kuviacha.

Jumamosi, 18 Februari

Uamuzi wa dharura. Bata wafichwe mjini mpaka maneno yaishe. Hannah ana saluni Kenyatta Market, chumba kidogo kati ya wachoma nyama. Nilisubiri atoke kwenda mazishi ya shangazi yake, nikakodi teksi, nikawaweka bata kwenye makatoni ya nywele za kusuka. Majike walikuwa watatu tu, na Mkurugenzi. Jike mmoja hayupo. Mbwa, bila shaka.

Dereva aliuliza mbona nywele zinapumua. Nikasema ni mtindo mpya.

Msaidizi wa saluni alikuwa anamsuka mteja, mwingine yuko chini ya mashine ya kukausha. Nikayasukuma makatoni nyuma ya pazia. Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa sawa. Halafu Mkurugenzi akatoboa katoni, akatokea chini ya pazia, mweusi, mwenye hasira, na mteja wa mashine akapiga chafya. Ni vumbi tu, au marashi. Lakini mtu akasema homa ya ndege, na neno hilo likatoka mlangoni kabla ya wateja. Hata wachoma nyama walisimama kutazama. Mmoja aligeuza ubao wake wa bei za kuku, maandishi yakaangalia ukuta.

Hannah amepata habari akiwa makaburini. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba ile saluni aliijenga kichwa kimoja kimoja.

Bata wamerudi nyumbani.

Jumatatu, 20 Februari

Afisa wa mifugo amekuja, Bi Waceke, na glavu na sanduku. Amekagua kwa Were kisha kwangu. Akachukua damu. Amesema hakuna dalili yoyote, bata wote wazima, akawasifu Kayuga wangu. Nilimpenda papo hapo. Were alikuwa kibaruani Kawangware na Mercyline alikuwa amepeleka mtoto zahanati, kwa hiyo Bi Waceke aliniomba mimi niwaambie wao na majirani kwamba ni salama.

Nilikusudia kuwaambia. Kisha nikatafakari. Wakijua ni salama, dume litafunguliwa. Nitasema wiki ijayo.

Jumanne, 21 Februari

Naandika kwa shida.

Walikuja mchana. Si wahuni kutoka mbali. Ni watu tunaoimba nao kwaya. Njambi mwenyewe alibeba mafuta ya taa. Walianzia kwa Were. Nilisikia bata wakilia, kisha Were akiwasihi, kisha akigonga mlango wangu. Alisema, "Mzee, daktari alikuwa kwako jana. Toka uwaambie. Wewe watakusikia."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshika kitasa. Nikawaza kwamba wakimaliza kwake hasira itaisha, warudi makwao. Nikakaa kimya. Alisubiri kidogo, kisha nikasikia miguu yake ikirudi.

Hasira haikuisha. Waligeukia lango langu, na nikaona dirishani kwamba aliyesimama langoni akiwazuia ni Were. Bata wake walikuwa wameshaungua. Hakuwa na kitu cha kulinda pale. Aliwaambia hawa ni wa mzee, wazima, waacheni. Mtu mmoja akamsukuma, mwingine akampiga kwa mpini wa jembe, akaanguka na mkono chini yake. Nilisikia ukivunjika. Wakapita juu yake.

Mkurugenzi alipigana. Niandike hilo. Alipigana.

Harufu bado iko kwenye mapazia.

Alhamisi, 23 Februari

Nimemtembelea Were hospitalini. Wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja. Mkono umefungwa plasta hadi begani, na daktari amesema hatainua mzigo tena kama zamani. Nilipeleka machungwa. Alinishukuru kwa kuja. Alinipa pole kwa Kayuga. Pole, mimi. Kisha akauliza, taratibu, kama najua ni nani alianzisha hayo maneno.

Nimemwambia ni redio. Si uongo kabisa.

Niliporudi nilimkuta Hannah amehamishia nguo zake chumba cha Cate, binti yetu aliyeolewa. Amesema Njambi amemweleza ni nani aliyemwuliza kuhusu kukohoa. Asubuhi alipika uji mzito akampelekea Were, na kesho atampelekea tena. Mimi nimejipikia chai. Sukari sijui anaiweka wapi.

Jumapili, 12 Machi

Habari za ajabu. Jike wangu aliyepotea yu hai. Mercyline alimkuta nyuma ya jiko lao, chini ya rundo la mbao, amelalia mayai. Amekuwa akimtilia makombo ya ugali wakati wanawe wenyewe wanalala na uji. Hakumficha. Alikuja kunieleza mwenyewe.

Kisha akaomba. Wanahama mwisho wa wiki, kwenda kwao Magharibi, maana hapa hakuna tena riziki. Mayai yatakuwa ya lile dume lao, ndiyo, amesema anajua. Nimwache jike alalie hadi yaangue, siku chache tu, achukue vifaranga aanze navyo upya. Jike atanirudishia. "Baba Cate, hakuna kingine kilibaki."

Nimesema nitafikiria.

Jumanne, 14 Machi

Nimefikiria. Nina huruma kama mtu yeyote. Lakini huyu ni Kayuga wa mwisho, na mfugaji wa kweli hawezi kumwacha alee nyumbu. Leo Mercyline alipokwenda kumsaidia mumewe kutoka hospitalini, niliingia kwao nikamtoa jike kiotani. Alinidonoa mpaka damu. Mayai yalikuwa na joto. Moja lilikuwa linagongwa kutoka ndani.

Nikaondoka naye.

Jike analia tangu mchana, anazunguka banda, hataki kula. Hannah amesikia, ametoka, ametazama kwangu na kwa jirani, ameelewa. Alimchukua chini ya kwapa, akampeleka nyuma ya jiko la kina Were. Baadaye alirudi naye. Mayai yalikuwa yamepoa.

Jumamosi, 18 Machi

Wameondoka. Lori dogo, vitanda, sufuria, watoto juu ya magodoro. Hannah aliwasindikiza hadi barabarani, akaendelea nao mpaka kituo cha mabasi mjini, na hajarudi. Saa hizi ni jioni. Were aliniaga kwa mkono wa kushoto. Mercyline hakuniaga. Nimeshangaa. Ujirani wa miaka yote hii.

Jike alikufa Alhamisi. Ni udhaifu wa koo hizi safi.

Hata hivyo nimepata fununu. Kuna mzee Limuru ana bata bukini wa aina adimu, manyoya yamejikunja kama nywele zilizosetiwa saluni. Wanahitaji nafasi, na ua wa Were uko wazi. Bahati mbaya mwenye nyumba ameshampangisha mama mmoja, Philister, mpole sana, mjane. Amekuja leo mchana na kuku wake wa mayai, akanisalimia kwa mikono miwili.

Nilipita dukani kununua sukari. Njambi hanisemeshi siku hizi, ila hakuweza kujizuia. Aliuliza huyu mgeni ni mtu wa namna gani. Nimemwambia simjui kabisa, na mimi si mtu wa kusema watu. Ila mume, nasikia, alikufa ghafla.